Protini ya Ubaoni na Protini ya Bandani

Walimu wanafunzi wengi wanaotujia chuoni wanakijua kwa moyo kile kifungu cha maneno kisemacho kwamba protini hujenga mwili, wanga huupa nguvu, na vitamini huulinda. Walikikariri walipokuwa shule ya msingi, na yamkini nao watawakaririsha wengine. Hatuna ugomvi na kifungu hicho, maana ni cha kweli kwa kadiri yake. Ugomvi wetu ni na mwalimu anayekiandika ubaoni, akafuta ubao, kisha akatoka nje kuwasimamia wanafunzi wanaolisha nguruwe wa shule, asione kwamba kati ya ubao na banda kuna jambo lolote la kufundishwa.

Hatuna budi kueleza kisa kilichotufanya tuandike makala haya. Miaka michache iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi iliyoko Nyanda za Juu Kusini, ambako ufugaji wa nguruwe umeenea sana. Shule hiyo ilikuwa na mradi wa nguruwe, na watoto kumi na mmoja wa jike mmoja walikuwa wameachishwa ziwa juma lililotangulia. Mwalimu mwanafunzi tuliyemkagua alifundisha somo la vyakula katika darasa la tano. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ulisomeka hata kutoka dirishani, na zana zake zilikuwa tele: maharage, dagaa, yai, karanga na soya, kila kimoja katika kisahani chake. Wanafunzi walivipanga katika mafungu na kuvitaja kwa pamoja. Kuelekea mwisho wa kipindi mvulana mmoja aliyeketi nyuma alinyoosha mkono, akauliza: ikiwa soya hujenga mwili, mbona watoto wa nguruwe wetu wanapewa soya kila siku na bado wanakonda na kuharisha? Darasa likacheka. Mwalimu akatazama saa yake, akasema kwamba swali hilo ni zuri na litajibiwa siku nyingine. Kengele ikalia.

Sisi tulikuwa tumeketi hatua mbili kutoka kwa mvulana huyo. Tulimpa mwalimu mwanafunzi alama ya juu, na katika fomu ya ukaguzi tukaandika kwamba zana zilitumika vyema na muda ulizingatiwa. Kabla ya juma jingine kwisha, watoto saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na waliolaumiwa ni wanafunzi wa zamu, ati hawakufagia banda sawasawa. Baadaye ndipo tulipopata habari, kwa kumwuliza mwalimu wa mradi, kwamba soya ilikuwa ikitwangwa mbichi na kuchanganywa na pumba za mahindi. Hatudai kwamba soya peke yake iliwaua. Baridi, banda lenye unyevu na vijidudu vya kuharisha vilikuwapo pia. Lakini lawama ile haikuwa ya watoto wa zamu, na sehemu yake ilikuwa yetu. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile halikujibiwa, nasi hatukupatafuta.

Basi tulijibu leo swali la mvulana yule, kisha tuseme namna tunavyodhani lilistahili kufundishwa.

Mtoto wa nguruwe azaliwapo huwa na tumbo lililotayarishwa kwa kazi moja, nayo ni maziwa. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa anacho kwa wingi. Vile vya kuvunja wanga wa nafaka na protini ya mimea huongezeka polepole, kadiri majuma yanavyopita na kadiri anavyoonjeshwa chakula kingine. Hata asidi ya tumbo lake ni haba. Wakati wa kunyonya upungufu huo haumdhuru, kwa sababu bakteria wema hugeuza sehemu ya sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na protini ya maziwa yenyewe huganda tumboni na kumeng'enywa kwa urahisi. Siku anapoachishwa ziwa mambo yote hayo hubadilika kwa mpigo. Mama hayupo, maziwa hayapo, na pengine amehamishiwa chumba kingine pamoja na watoto asiowajua. Aghalabu siku ya kwanza, na hata ya pili, hula kidogo mno au hali kabisa. Kisha njaa humzidi, akala kwa pupa. Katika siku hizo chache za kutokula, vile vijinyuzi vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba mithili ya manyoya ya zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, husinyaa na kuwa vifupi. Protini nyingi ikiingia ghafla wakati huo haimeng'enywi yote. Inayosalia huteremka hadi utumbo mpana, na huko huwa karamu ya bakteria waharibifu. Ndipo kuharisha kunapoanza.

Mwalimu anayefundisha kwamba protini ni nzuri, na kuwaacha wanafunzi waamini kwamba nyingi ni nzuri zaidi, anafundisha kosa. Wafugaji wa Ulaya walilazimika kulitafakari jambo hili kwa makini baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, tangu tarehe 1 Januari 2006, antibiotiki zilizokuwa zikitiwa katika chakula cha mifugo ili ikue haraka, na kisha mwaka 2022 kusitisha matumizi ya oksidi ya zinki kwa kipimo kikubwa kama dawa ya kuzuia kuharisha kwa watoto wa nguruwe. Kinga hizo zilipoondolewa, ilibidi kurudi kwenye chakula chenyewe. Mojawapo ya njia zilizoshika ni kupunguza jumla ya protini katika chakula cha watoto walioachishwa ziwa, kutoka asilimia ishirini na ushee hadi karibu 18, na kuziba pengo kwa asidi amino zinazotengenezwa viwandani. Sisi hatuna haja ya kununua asidi amino za viwandani kwa ajili ya banda la shule ya msingi. Tunachohitaji ni fundisho lililomo ndani ya habari hiyo, nalo ni kwamba wingi wa protini si kitu kimoja na ubora wake.

Sasa turudi kwa soya. Maharage ya soya makavu yana protini ipatayo asilimia 37, na mwalimu mwanafunzi hakukosea kuyaweka katika kisahani cha vyakula vya kujenga mwili. Lakini soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia tripsini, yaani kimeng'enya kitokacho kwenye kongosho ambacho kazi yake ni kuvunja protini. Ni sawa na kumpelekea mtu sanduku la chakula lililofungwa kwa kufuli, kisha ukamnyang'anya ufunguo. Mnyama hula, wala halishiki. Joto ndilo linaloharibu kizuizi hicho. Habari hii si ngeni: mwaka 1917 wataalamu wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya iliyopikwa walikua vizuri kuliko waliolishwa mbichi. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado kuna mabanda ambamo soya hutwangwa mbichi. Hatushangai sana, maana katika vitabu vingi vya shule soya huorodheshwa kwa jina lake tu, bila neno "iliyopikwa" kando yake.

Kwa wanafunzi wa shule ya msingi habari ya tripsini ni nzito, nasi hatupendekezi waikariri. Ila lipo jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya, nalo hulifanya jambo lisiloonekana linukie darasani. Soya mbichi ina kimeng'enya kingine ambacho huivunja urea na kutoa amonia. Joto linaloharibu kizuizi cha tripsini huharibu na kimeng'enya hicho kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa hiyo kimoja hutumika kuwa shahidi wa kingine. Mwalimu achukue chupa mbili zenye vifuniko. Katika ya kwanza atie kijiko cha unga wa soya mbichi, katika ya pili kijiko cha unga wa soya iliyochemshwa vizuri na kukaushwa. Katika kila moja aongeze nusu kijiko cha mbolea ya urea, ile ile inayouzwa kwa wakulima wa mahindi, na maji ya uvuguvugu kidogo, kisha afunge. Baada ya muda upatao nusu saa afungue na kupunga mkono juu ya mdomo wa chupa ili harufu iwafikie wanafunzi. Asimruhusu mtoto kuingiza pua ndani. Chupa ya kwanza itatoa harufu kali kama ya choo kisichosafishwa. Ya pili, ikiwa uchemshaji ulikuwa mwema, haitatoa. Karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa, kama shule inayo, itageuka kuwa ya buluu ikishikwa juu ya chupa ya kwanza. Mchanganyiko huo umwagwe shimoni mbali na banda, kwa kuwa urea ni sumu kwa mnyama.

Tumelifanya jaribio hili chuoni, na hatujaona somo jingine la Sayansi ambalo limewafanya walimu wanafunzi wabishane kiasi kile. Mmoja alileta soya aliyokaanga kwa dakika tano tu, akidhani inatosha, na chupa ikamsuta. Mwingine alileta soya iliyoungua mpaka ikawa nyeusi. Chupa ikanyamaza, akashangilia. Ikabidi tumweleze kwamba chupa hutambua upungufu wa joto, haitambui ziada. Soya iliyoungua hupoteza sehemu ya ubora wake, kwa sababu joto kali huharibu laisini, asidi amino ambayo tutaizungumza punde. Kwa shule isiyo na vifaa, njia iliyo salama ni kuiloweka usiku kucha na kuichemsha kwa takriban nusu saa tangu maji yanapotokota, kisha kuianika ikauke kabisa kabla ya kuisaga.

Tuje sasa kwenye Hisabati, ambako tunaona ndiko utajiri wa somo hili uliko. Nguruwe aliyeachishwa ziwa hahitaji protini kwa jina, bali asidi amino zinazoiunda, na katika chakula chenye mahindi mengi ile inayopungua kwanza ni laisini. Mahindi yana protini ipatayo asilimia 9, lakini laisini yake ni takriban gramu mbili na nusu tu katika kilo nzima. Hili bibi zetu walilijua bila kulipa jina. Makande ni mahindi na maharage katika chungu kimoja, na maharage ndiyo yanayoleta laisini ambayo mahindi hayana. Mwalimu akianza na makande atakuwa ameanza na kitu ambacho kila mtoto wa darasa amekula.

Tuseme shule inataka chakula chenye protini asilimia 18. Ina unga wa mahindi wenye asilimia 9, soya iliyochemshwa na kukaushwa yenye 37, na dagaa wakavu wenye takriban 55. Wanafunzi wachanganye kwanza mafungu mawili ya soya na fungu moja la dagaa: mara mbili 37 ni 74, ongeza 55 upate 129, gawa kwa tatu, jibu ni 43. Mchanganyiko huo ndio wanaoukutanisha na mahindi. Wachore mraba, kona mbili za kushoto waandike 9 na 43, katikati waandike 18, kisha watoe kwa mshazari. Kutoka 43 hadi 18 ni 25, hayo ndiyo mafungu ya mahindi. Kutoka 18 hadi 9 ni 9, hayo ndiyo mafungu ya soya na dagaa, yaani soya 6 na dagaa 3. Jumla ni mafungu 34. Kwa hiyo kilo 34 za chakula zitakuwa na mahindi kilo 25, soya kilo 6 na dagaa kilo 3. Juu yake huongezwa madini na vitamini kwa kipimo atakachoeleza afisa mifugo.

Wanafunzi wengine wafanye hesabu hiyo hiyo kwa mashudu ya alizeti yenye protini asilimia 30. Watapata mahindi mafungu 12 na mashudu 9, na protini itakuwa ile ile, asilimia 18. Ubaoni majibu mawili yamelingana, na mwalimu wa ubaoni angefunga kitabu hapo. Lakini sasa wahesabu laisini. Mashudu ya alizeti yana gramu zipatazo kumi tu katika kilo. Soya ina takriban 23, na dagaa karibu 39. Chakula cha alizeti kitatoka na gramu zisizofika sita za laisini katika kila kilo. Kile cha soya na dagaa kitatoka na zaidi ya tisa. Kuna na jambo la maganda: mashudu yetu mengi yamekamuliwa pamoja na maganda ya mbegu, nayo ni makapi mengi mno kwa tumbo changa. Vyakula viwili vyenye asilimia moja ya protini, na mmoja tu ndio unaomfaa mtoto aliyeachishwa ziwa. Hatujui njia iliyo wazi kuliko hii ya kumwonyesha mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba jibu sahihi la hesabu laweza kuwa jibu la swali lisilo sahihi.

Tarakimu hizi zote ni za makadirio. Mahindi ya shamba moja hayafanani na ya shamba jingine, na dagaa ndio wasumbufu kuliko wote kwa sababu huanikwa mchangani. Lakini usumbufu huo nao ni somo. Kilo moja ya dagaa ipepetwe, mchanga upimwe, na wanafunzi wenyewe waseme ni asilimia ngapi ya fedha ya mradi iliyonunua mchanga. Iwapo dagaa au usipa wametiwa chumvi nyingi, wasitumike bila kuoshwa, kwani chumvi huweza kumuua nguruwe asiyekuwa na maji ya kutosha ya kunywa.

Kuhusu vyanzo vingine vya protini tutasema machache. Maziwa yaliyotolewa malai ni bora kuliko vyote kwa juma la kwanza, na shule iliyo jirani na wafugaji wa ng'ombe isiyapuuze. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, wala hayawafai watoto wa nguruwe. Karanga na mashudu yake zikiota kuvu huwa na sumukuvu. Zilizooza zisipelekwe bandani kwa hoja kwamba mnyama hajali. Damu iliyochemshwa, ikakaushwa na kusagwa ina laisini kwa wingi, lakini ina upungufu wa asidi amino nyingine na nguruwe hawaipendi, hivyo itumike kidogo sana. Siku hizi kuna wanaofuga mabuu ya nzi mweusi kwa kutumia mabaki ya jikoni, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi kimefanya kazi nyingi juu yake. Tunaliona kuwa jambo la kutumainiwa. Mabaki ya chakula cha bweni yasipewe nguruwe kabla ya kuchemshwa barabara, maana mabaki ya nyama ya nguruwe huweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, na mpaka leo hauna dawa ya kuutibu.

Baadhi ya wakufunzi wenzetu wametuambia kwamba tunavuka mpaka. Mambo ya chakula cha nguruwe, wanasema, ni ya afisa mifugo. Mwalimu wa shule ya msingi apewe kipimo kilichokwisha kupangwa, akibandike ukutani mwa ghala, basi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Afisa mifugo wa kata ana vijiji vingi, naye akifika shuleni mara moja kwa muhula tunamshukuru. Mtoto wa zamu yupo bandani kila asubuhi. Na kipimo kilichobandikwa ukutani hudumu mpaka siku dagaa watakapopanda bei. Siku hiyo atakayeamua nini kiwekwe badala yake ni mwalimu na wanafunzi wake, na asiyejua kwa nini dagaa waliwekwa atakuwa hana la kuongoza uamuzi wake ila bei. Hivyo ndivyo soya mbichi ilivyoingia katika banda tulilolieleza: dagaa walipanda bei, soya ilikuwapo, na karatasi ya ukutani iliandika "protini".

Tena Elimu ya Kujitegemea, ilipotangazwa mwaka 1967, haikukusudia shamba la shule liwe mahali pa jasho peke yake. Ilikusudia kazi na masomo viwe kitu kimoja, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Katika shule nyingi jembe lilibaki na uamuzi ukatoweka. Wengi wetu tulisoma katika shule ambamo kwenda shambani kulikuwa adhabu ya kuchelewa namba, na tusipoangalia tutairithisha tabia hiyo. Mtoto anayepima uzito wa watoto wa nguruwe kila Ijumaa, akachora mstari wa uzito huo katika karatasi, kisha akaulizwa mstari umepinda kwa nini, huyo anasoma. Mtoto anayebeba ndoo kwa sababu ni zamu yake anabeba ndoo.

Kuna pingamizi nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ilitoka kwa mwalimu mwanafunzi mmoja wa kike. Aliuliza kama ni haki kuwapa nguruwe dagaa wakati wanafunzi wenyewe hula uji mtupu mchana. Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Ikiwa kila mtoto wa nguruwe atakula karibu nusu kilo kwa siku, zile kilo 34 zinawatosha watoto kumi kwa juma moja hivi, na dagaa waliomo ni kilo tatu. Majuma magumu baada ya kuachishwa ziwa hayazidi matatu au manne. Baada ya hapo nguruwe hukua kwa vyakula vya kawaida zaidi. Naye akienda kuuzwa hurudisha fedha ambazo zaweza kununua dagaa wa wanafunzi, mradi zinunue dagaa kweli. Yeye hakuridhika sana na hilo la mwisho, nasi hatukuweza kumlaumu. Alisema kwamba daftari la mapato na matumizi ya mradi liwe zana ya kufundishia Hisabati na lisomwe mbele ya darasa. Tumelichukua pendekezo lake, na tunamwomba kila mwalimu mkuu alifikirie.

Yeye huyo ndiye aliyetukumbusha kwamba wanafunzi wa darasa la tano wana wadogo zao nyumbani walioachishwa ziwa juzi, na wengi wa wadogo hao hulishwa uji wa mahindi matupu. Hatupendi kumlinganisha mtoto wa binadamu na wa nguruwe, na mwalimu awe na adabu katika maneno yake. Lakini upungufu wa laisini katika mahindi ni ule ule, na mama anayechanganya unga wa soya katika uji wa mwanawe anahitaji kujua kwamba soya ile iwe imepikwa ipasavyo. Mtoto aliyeiona chupa ikitoa harufu atamwambia mama yake, na pengine atamwambia vizuri kuliko sisi.

Limesalia jambo la imani. Katika madarasa yetu wamo wanafunzi Waislamu, na wamo Wakristo wa madhehebu yasiyokula nguruwe. Hakuna somo linalostahili kumlazimisha mtoto kushika kile ambacho dini yake imemkataza, na mwalimu anayefanya hivyo anavunja kitu kikubwa kuliko anachojenga. Wala hakuna haja. Jaribio la chupa halina nguruwe ndani yake. Mraba wa hesabu hauna nguruwe ndani yake. Kupepeta dagaa ni kazi ya kila jiko. Kwa upande wa kulisha na kupima uzito, shule iwe na vifaranga, ambao nao wana mahitaji yao ya asidi amino na hudhuriwa vile vile na soya mbichi. Tena wapangwe mapema, kimyakimya, pasipo kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake aeleze kwa nini haendi bandani.

Kwa mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule yenye banda tunapendekeza aanze kuwaonjesha watoto wa nguruwe chakula chao kipya wakiwa bado wananyonya, tangu wafikapo majuma mawili au matatu, ili tumbo lizoee. Asifanye haraka ya kuwaachisha ziwa. Mashamba makubwa huwaachisha katika juma la tatu au la nne, lakini yana vyumba vya joto na maziwa ya unga. Banda la shule lingoje hadi majuma sita au manane. Mama ndiye aondolewe, watoto wabaki katika chumba walichokizoea. Chakula kiwe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na maji safi yasikosekane. Nasi tunaomba kila hatua kati ya hizo iandikwe katika andalio la somo, pamoja na swali moja ambalo wanafunzi watalijibu kwa kuangalia bandani na si kwa kufungua kitabu.

Fomu ya ukaguzi ya chuo chetu haijabadilika. Kwa hiyo sisi, tunapokwenda kukagua, huandika kwa mkono chini ya mstari wa mwisho: "Wanafunzi waliuliza nini, na walijibiwaje?" Mwaka jana tulirudi katika shule ile ile. Mvulana yule amekwisha kumaliza na kwenda sekondari. Katika ghala la chakula tulikuta sufuria kuukuu lenye alama ya masizi, na juu ya mlango, kwa mwandiko wa mtoto, maneno haya: Soya ichemshwe kwanza. Chini yake mwingine ameongeza kwa penseli: dakika 30, tumejaribu kwa chupa.